Kupiga, kucheza, kunoga: maneno ya kuzungumzia muziki wa kielektroniki

Sentensi "Dijei alicheza muziki wa nyumba katika kilabu mpaka saa 4 asubuhi" haina kosa lolote la upatanisho wa kisarufi. Viambishi vimekaa mahali pake na maneno yote yamo kamusini. Hata hivyo, msomaji asiye na maandishi ya Kiingereza kando yake ataelewa kwamba mtu fulani alisakata dansi katika banda la pombe ya kienyeji, akifuata muziki wa aina ya nyumbani, mpaka jua lilipokuwa juu. Mfasiri alikusudia jambo jingine kabisa: mtu aliyesimama nyuma ya mitambo, akawapigia watu muziki wa hausi katika ukumbi wa starehe, mpaka saa 10 alfajiri. Hayo ni makosa manne katika sentensi moja, na hakuna hata moja ambalo programu ya kusahihisha tahajia ingelinasa.

Kosa la kwanza ndilo linalorudiwa zaidi. Kitenzi cheza kina maana nyingi: mtoto hucheza, timu hucheza, mwigizaji hucheza filamu, na mtu akisikia muziki husimama akacheza. Panapotajwa muziki, maana ya mwisho ndiyo inayokuja kwanza akilini. Anayeutoa muziki, awe na zeze, kinanda au mitambo ya kisasa, huupiga. Kwa hiyo dijei hupiga muziki na watu wakaucheza. Vitenzi viwili, pande mbili za ukumbi. Matumizi ya "kucheza wimbo" kwa maana ya kuuweka usikike husikika hata redioni, lakini katika maelezo ya usiku wa muziki hayafai, kwa sababu humo humo kuna wachezaji wa kweli. Tangazo lisemalo "madijei watatu watacheza" linaahidi kichekesho.

Kwa jina la mtendaji, mpiga santuri ni neno la zamani lenye heshima yake, ingawa santuri zenyewe ni chache leo. Mchezesha muziki nalo hutumika, ila lina jirani wa kuangaliwa: kuchezesha ni kazi ya mwamuzi wa mpira. "Amechezesha vizuri" bila kutaja muziki humpeleka msomaji uwanjani. Neno dijei, wingi madijei, limeshazoeleka na halina haja ya kukwepwa. Kwa kuwa ni kiumbe, hupatanishwa kama mtu: dijei mkali amepiga, madijei wakali wamepiga.

Kuhusu mahali, Kiswahili kimegawanya kwa uangalifu kile ambacho Kiingereza hukitaja kwa neno moja. Kilabu, hasa Tanzania, ni mahali pa kuuzia pombe za kienyeji. Klabu ni chama, aghalabu cha michezo. Ukumbi wa kuchezea muziki usiku huitwa klabu ya usiku magazetini, au kwa ufupi ukumbi wa starehe. Disko ni neno pana zaidi, maana hutaja mahali, muziki na tukio lenyewe kwa pamoja, nalo limezaa maneno ambatani yasiyotokana na tafsiri yoyote: disko toto, linalopigwa mchana wa sikukuu kwa ajili ya watoto, disko vumbi, la uwanja wa wazi usio na sakafu, na disko matanga, linalojulikana Kenya, hasa Pwani na magharibi, ambako muziki hupigwa usiku kwenye msiba. Mfasiri anayetafuta neno la sherehe ya muziki inayofanyika katika ghala tupu au shambani ana disko vumbi la kuanzia, hata kama ghala lenyewe lina saruji.

Saa na siku zinahitaji uangalifu mkubwa kuliko maneno, kwa kuwa hapa kosa humgharimu mtu nauli. Saa 2 usiku ya Kiswahili ni wakati wa chakula cha jioni. Saa nane ya usiku wa manane ndiyo ambayo Mwingereza huiandika kwa tarakimu 2. Dijei mkuu aliyepangiwa wakati huo akitangazwa kwa "saa 2 usiku," mashabiki watafika saa sita kabla yake na kukuta mafundi wakifunga nyaya. Siku nazo zina mtego. Kwa hesabu ya asili ya Waswahili siku huanza jua linapotua, hivyo usiku wa Jumapili kwa mzee wa Lamu au Zanzibar waweza kuwa ule unaoitangulia mchana wa Jumapili, ilhali kwa kijana wa Nairobi au Dodoma ni ule unaoufuata. Lugha imeshatoa dawa: usiku wa kuamkia Jumapili. Kirai hicho hakina utata kwa yeyote, na kinastahili kutumiwa katika kila tangazo na kila tathmini ya tukio la usiku. Katika kumbi za Berlin kama Berghain, ambako sherehe iliyoanza Jumamosi usiku huweza kuendelea mpaka Jumatatu asubuhi, hata neno usiku halitoshi. Mkesha unaelekea zaidi, ingawa kukesha kwenyewe hakuchagui baina ya ibada, msiba na furaha.

Majina ya aina za muziki hayatafsiriwi. Hausi ni jina linalohusishwa na ukumbi wa Warehouse wa Chicago, uliofunguliwa mwaka 1977, ambako Frankie Knuckles alikuwa dijei mkuu. Kwa hiyo kama kuna tafsiri ya neno kwa neno ingekuwa karibu zaidi na ghala kuliko nyumba. Ugumu wa neno hausi ni kwamba Kiswahili kilishalipokea kwa njia ya mlango wa jikoni, katika hausigeli, ndiyo maana si vibaya kuandika kwa ukamilifu "muziki wa hausi" pale linapotajwa mara ya kwanza. Tekno, muziki wa Detroit wa akina Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, halina tatizo hilo. Amapiano ya Afrika Kusini inaleta swali la kisarufi badala ya maana: ama- ni kiambishi cha wingi katika lugha za huko, na baadhi ya waandishi husema "amapiano yameshika," kwa upatanisho wa ya-. Wengi zaidi husema "amapiano imeshika," wakilichukulia kama jina lolote la kigeni la ngeli ya i-. Matumizi ya pili ndiyo yanayoendana na tabia ya Kiswahili kwa majina ya mitindo: singeli imevuma, rumba imerudi.

Singeli ndiyo inayoonyesha kwa nini mambo haya si ya kupanga maneno tu. Muziki huo ulizaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese na Tandale, ukapokea urithi wa mchiriku, ambao wapigaji wake walitumia vinanda vidogo vya Casio na vipaza sauti vilivyochoka, pamoja na vipande vya taarabu vilivyoongezwa kasi. Kasi yake hufika mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, wakati hausi huenda kwa mapigo 120 hivi. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, na baada yake zikafuata albamu za Bamba Pana, Jay Mitta, Sisso na Duke. Waandishi wa muziki wa Ulaya na Marekani wakaziandikia tathmini kwa msamiati wao: walilinganisha na tekno kali, wakastaajabia kasi, wakatafuta maneno ya kuielezea.

Kisha tathmini hizo zikaanza safari ya kurudi. Mwanafunzi anayezitafsiri kwa Kiswahili hukuta "sherehe ya mtaani ya usiku kucha yenye muziki wa dansi wa kielektroniki" na kuiandika hivyo hivyo, kwa wasomaji ambao wana neno moja la jambo hilo: kigodoro. Hukuta maelezo marefu ya mtu anayeghani kwa kasi juu ya mapigo, naye huyafasiri neno kwa neno, ingawa mtaani mtu huyo ni emsii na kazi yake ni kuchana. Kwa njia hiyo muziki wa Waswahili hurudi kwao ukiwa mgeni, umevalishwa maelezo ambayo mwenyewe hakuyahitaji. Sheria ya kazi hapa ni rahisi: kabla ya kufasiri maelezo, mfasiri aulize kama kitu kinachoelezwa kina jina kwa wenyewe.

Lakini jina hilo nalo lina uzito wake. Kigodoro, kwa umbo, ni udogo wa godoro. Kwa matumizi, ni mkesha wa muziki barabarani, mara nyingi unaofuatana na arusi au ngoma ya wanawake, na viongozi wa serikali wamevipiga marufuku vigodoro katika maeneo mbalimbali kwa sababu za kelele na maadili. Neno lina harufu ya mtaa na ya ugomvi na wakubwa. Kulitumia kwa usiku wa muziki katika ukumbi wa kulipia wa London ni kosa la upande wa pili. Huko neno disko, au mkesha wa muziki, linatosha.

Vichwa vya albamu hizo pia vinastahili kusomwa na mjuzi wa lugha. Tatizo Pesa ya Jay Mitta, ya mwaka 2019, ni sentensi kamili isiyo na kitenzi, ambamo kishirikishi ni kimeachwa kama katika mazungumzo ya kila siku. Poaa ya Bamba Pana, ya mwaka 2018, ni itikio la salamu lenye irabu iliyorefushwa kwa makusudi. Urefu huo hauna maana ya kileksika, una maana ya mtu anayejisikia vizuri. Mateso ya Sisso ndiyo yenye mtego. Kamusi itasema ni nomino ya tesa, na tafsiri ya maumivu haina kosa. Ila katika Kiswahili cha mitaani "anatesa" ni kusema fulani anatamba, anaishi kwa raha, anawaacha wenziwe nyuma. Msikilizaji wa Manzese anaweza kuusikia mwangwi huo wa pili. Msomaji wa tafsiri hawezi. Uingizaji Hewa ya Duke nayo ni istilahi ya mafundi wa majengo, imeundwa kwa kanuni ile ile ya u- na -ji inayozaa utayarishaji na uchanganyaji, na kuipachika juu ya muziki wa kasi namna hiyo ni utani wa kikavu ambao hauhitaji maelezo kwa aliyewahi kusimama katikati ya umati usiku wa Machi jijini.

Ukija kwenye maoni yenyewe, yaani kusema usiku ulikuwaje na albamu ikoje, Kiswahili kimejaa utajiri unaotokana na mahali pasipotarajiwa: jikoni. Kiingereza cha mashabiki hupenda kuzungumzia muziki kama jengo linalopandishwa na kuangushwa. Kiswahili huuonja. Chumvi hukolea katika mchuzi, na sherehe hukolea vile vile. Chakula hunoga, na usiku hunoga. Muziki ni mtamu, una ladha, au ni chapwa kama uji usiotiwa kitu. Vitenzi hivi si visawe. "Muziki ulianza kukolea saa sita" hutaja mwendo, viungo vinapoingia polepole; "ukanoga" hutaja hali iliyokwisha kufikiwa; "ukapamba moto" hutaja kilele, na baada yake hakuna pa kupanda. Mwandishi anayevipanga kinyume, kwamba usiku ulipamba moto halafu ukaanza kukolea, humchanganya msomaji bila msomaji kujua kwa nini. Kirai kingine, kukonga nyoyo, kilikuwa kizuri. Magazeti yamekitumia hata kimechakaa, na mtathmini makini angekipumzisha kwa miaka michache.

Kwa upande wa lawama, albamu isiyonunuliwa imedoda, kama bidhaa iliyobaki dukani. Iliyolegea imepwaya, kama nguo isiyomkaa mtu mwilini. Isiyo na mvuto ni doro. Msanii ambaye zama zake zimepita amechuja, na hapa kuna jambo la kuwapendeza walimu. Katika Kiswahili sanifu chuja huhitaji yambwa: mtu huchuja chai au tui. Nguo inayopoteza rangi huchujuka. Mtaani umbo la kutenda limechukua kazi ya umbo la kutendeka, na "amechuja" imekita mizizi kiasi kwamba kuisahihisha katika mazungumzo ni kupoteza pumzi. Katika maandishi rasmi "amechujuka" linapatikana, ni sahihi, na kwa bahati nzuri lina picha ile ile ya kanga iliyofuliwa mara nyingi.

Mnyambuliko wa vitenzi ndio zana kali kuliko zote kwa mtathmini, nayo haitumiki vya kutosha katika tafsiri. Chukua cheza. Muziki unaochezeka ni ule ambao mtu anaweza kuucheza bila kuvunjika. Muziki unaochezesha humwinua hata asiyetaka. Singeli ya mapigo 300 yaweza kuchezesha bila kuchezeka kwa mgeni, na tofauti hiyo, ambayo Kiingereza kingehitaji sentensi nzima kuieleza, imo katika silabi moja. Vivyo hivyo, kusikika si kusikilizika: besi ilisikika mpaka mtaa wa pili, lakini albamu yenyewe haisikiliziki. Uradidi nao hupunguza nguvu ya tendo kwa adabu. "Watu walicheza" ni sifa, lakini "watu walichezacheza" ni hukumu, na mwenye ukumbi akiisoma atajua kwamba usiku wake haukufana.

Nomino nazo hukuzwa na kudunishwa. Ngoma kwa mashabiki si chombo tu, ni wimbo wowote unaopigwa. Ikikuzwa huwa goma, wingi magoma, na "goma hili" ni sifa kubwa. Ndiyo maana mchezaji hodari husemwa anayarudi magoma. Ki- ya udunishaji hufanya kinyume: kialbamu ni albamu ambayo msemaji haithamini, hata kama ina nyimbo 20. Kibao, hata hivyo, hakimo katika kundi hilo. Ki- yake imeganda, na "kibao kipya" ni wimbo unaotarajiwa kupendwa. Neno wimbo lenyewe huleta swali kwa wanafunzi: likitokana na imba, je, kazi isiyo na sauti ya mtu ni wimbo? Kwa matumizi ya kawaida, ndiyo, na hakuna anayelalamika. Mwandishi anayetaka usahihi anaweza kusema kibao, ngoma, au kipande cha muziki. Albamu hufuata ngeli ya i-/zi- (albamu hii, albamu hizi), na muziki hufuata u-/i-, wingi wake miziki, ijapokuwa "muziki hii" husikika Kenya na Kongo.

Kwa kipande kilichotolewa katika wimbo mmoja na kutiwa katika mwingine, baadhi huandika sampuli. Linaeleweka, lakini sampuli ni kiasi kidogo kinachowakilisha kitu kizima, kama damu inayopelekwa maabara. Mtayarishaji wa muziki hatafuti kiwakilishi, ananyofoa. "Kipande kilichonyofolewa kutoka wimbo wa taarabu" ni maelezo marefu kidogo ila yanasema kweli. Kinachorudiwa bila kukatika ni kipande kinachojirudia, na hakuna haja ya istilahi nzito zaidi ya hiyo.

Maneno ya kutia mkazo huwatega wafasiri wanaokwenda upande wa pili, kutoka Kiswahili. Hatari, balaa, noma na moto ni sifa pale zinapoelezea dijei au ngoma: "seti yake ilikuwa balaa" haimaanishi polisi waliitwa. Kielezi vibaya kinahitaji kuangaliwa kwa kitenzi kilichotangulia. Baada ya kitenzi cha ushindi au madhara hutaja kiasi: alifunika vibaya, yaani aliwapita wenzake mno, kama vile aliumia vibaya. Baada ya kitenzi cha utendaji wa kawaida hutaja ubora: alipiga vibaya, na hapo kweli alipiga vibaya. Kwa shabiki anayesema "namkubali sana dijei huyu," kubali limeondoka katika maana ya kuitikia jambo na kuwa kuthamini. Tafsiri ya kuafikiana naye itakuwa kioja. Huko Kenya inabamba hufanya kazi kubwa ya sifa, na kamusi sanifu inayolieleza bamba kwa kushika au kunasa haikosei, kwa kuwa muziki unaobamba ni ule uliomnasa mtu.

Kuhusu nyakati za vitenzi, tathmini ya albamu hukaa vizuri katika -me- na -na- (imetoka, inaanza, inafungwa kwa wimbo mrefu), kwa kuwa albamu bado ipo na msomaji anaweza kuisikiliza. Tathmini ya usiku uliopita hutaka -li- mwanzoni na -ka- baadaye: aliingia, akapunguza taa, akashusha mapigo, watu wakapiga kelele. Atumiaye -li- mwanzo hadi mwisho hutoa orodha ya polisi badala ya usiku wenye mwendo.

Limebaki jina la lebo ya Kampala na la tamasha lake, ambalo lilianza mwaka 2015 na kufanyika Jinja kwa miaka mingi. Waandaaji hulieleza kwa maana ya Kiganda: hamu ya ghafla ya kucheza isiyozuilika. Kamusi ya Kiswahili ina nyege kwa maana ya ashiki, na neno hilo halitamkwi mbele ya wakwe. Mwaka 2018 waziri wa maadili wa Uganda alitangaza kulipiga marufuku tamasha, kisha likaruhusiwa. Mtafsiri hana ruhusa ya kulibadili jina la watu, wala hapaswi kulificha kwa herufi na nyota. Aliandike lilivyo, kwa herufi kubwa za jina la pekee, na pale linapotajwa mara ya kwanza aongeze kishazi kimoja kinachotaja maana ya Kiganda. Mwalimu atakayesoma makala hiyo kwa sauti darasani atakishukuru.